Saa kubwa ya bei nafuu: unalipia mashine au unalipia chuma?

Swali la msomaji: "Nimeipenda saa moja ya mkono yenye upana wa milimita 52. Ni nzito, ina rangi ya dhahabu, ina visaa vitatu vidogo ndani ya uso wake na imeandikwa kuwa inastahimili maji mita 100. Muuzaji ameishusha hadi sehemu ya kumi ya bei ya awali. Rafiki yangu anasema uzito wake peke yake unatosha kuonyesha kuwa ni saa ya maana. Nitajuaje kama ni mali au ni takataka iliyong'arishwa? Na nikiichoka, nitaweza kuiuza?"

Ndugu yangu, nitaanza na rafiki yako, maana kosa lake ndilo ninalokutana nalo kila wiki mezani pangu. Mtu anaweka saa kiganjani, anaipandisha na kuishusha mara mbili tatu, kisha ananitazama kwa ushindi: "Fundi, hebu sikia uzito huo!" Nausikia. Ila uzito hausemi umetoka wapi. Chuma kisichoshika kutu kina takriban gramu 8 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Shaba ya njano ina 8.5 hivi. Aloi ya zinki, ile inayoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ili kupata makasha ya bei ya chini kabisa, iko karibu na 7. Kiganja cha mtu hakiwezi kutenganisha hizo tatu. Titani, ambayo ni metali ya gharama, ina 4.5 tu, kwa hiyo kwa mizani ya rafiki yako saa ya titani ingetupwa jalalani. Hata sumaku haitakuokoa: haivuti zinki wala shaba, na chuma aina ya 316L kinachotumika kwenye saa nzuri nacho haikivuti kiasi cha kuonekana. Niliwahi kufungua saa moja nene nikakuta bamba la metali limegandishwa chini ya mashine, halishiki chochote, halizungushi chochote. Kazi yake ilikuwa kumridhisha mnunuzi anayepima kwa kiganja.

Isitoshe, uzito una hasara zake. Saa nzito ikidondoka hugonga sakafu kwa nguvu zaidi, na kila siku pini zinazoishikilia kwenye mkanda hubeba mzigo huo. Casio walipotoa G-Shock ya kwanza mwaka 1983 lengo lao lilikuwa saa inayovumilia kuanguka kutoka mita 10, shinikizo la maji la bar 10 (ndilo linaloandikwa kuwa mita 100) na betri ya miaka 10. Wakapata saa nono yenye ganda laini la plastiki na wepesi wa kushangaza. Saa kubwa inayodumu haihitaji kuwa nzito.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukua saa ya kawaida yenye upana wa milimita 40 na unene wa 11. Hiyo yako ni 52, na kwa saa za aina hiyo unene wa 16 si jambo geni. Uso wake unazidi ule wa kwanza kwa karibu asilimia 70, na ujazo wake ni karibu mara mbili na nusu. Ndani ya nafasi yote hiyo kumeongezwa nini? Mara nyingi, hakuna. Mashine ni ileile.

Hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo. Mashine nyingi za betri unazozikuta kwenye saa za bei nafuu hazifiki upana wa milimita 20. Miyota 2035, inayotengenezwa na kampuni tanzu ya Citizen na kutumika kwenye saa za majina yasiyohesabika, ni mojawapo. Ndani yake mna kijipande cha fuwele ya kwatsi (ndiyo maana usoni huandikwa Quartz) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi hugawa idadi hiyo kwa mbili mara 15, ikabaki mpigo mmoja kwa sekunde, na mpigo huo ndio unaosogeza mshale. Kanuni hiyo iliingia kwenye saa ya mkono ya kuuzwa madukani Desemba 1969, Seiko walipoleta Astron. Leo ni rahisi kiasi kwamba mashine ya namna hiyo hukosea sekunde 20 kwa mwezi au pungufu, iwe imevishwa kasha la mtoto au kasha la ukubwa wa kisosi. Kwenye kasha kubwa huzungushiwa pete ya plastiki nyeupe ili isicheze. Wateja wangu wengi wakiiona pete hiyo mara ya kwanza hunyamaza. Mimi nawaambia haina ubaya wowote, mradi hukuilipia kama mashine.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Wanajeshi wa anga wa Ujerumani wakati wa vita vya pili vya dunia walivaa saa za milimita 55, wakizifunga juu ya jaketi nene ili wazisome gizani, na ndani yake mlikuwa na mashine za ukubwa wa saa za mfukoni. Saa za Panerai za milimita 47 zilizotengenezewa wanamaji wa Italia zilikuwa hivyohivyo. Kasha lilikuwa kubwa kwa sababu mashine ilikuwa kubwa na kazi ilidai maandishi makubwa. Ukubwa wa leo ni mtindo, na mtindo si dhambi. Usiuhesabu tu kuwa ufundi.

Unaweza kuigundua mashine ndogo ndani ya kasha kubwa bila kufungua kitu. Tazama kidirisha cha tarehe. Gurudumu la tarehe limekaa juu ya mashine yenyewe, haliwezi kupanuka pamoja na kasha. Kwa hiyo kidirisha kikiwa kimesogea katikati ya uso, mbali na ukingo, mashine ni ndogo kuliko nyumba yake. Visaa vidogo navyo ni hivyohivyo: vikiwa vimesongamana karibu na kitovu kama watu waliokimbilia mti mmoja wakati wa mvua, umeshajua. Wengine huficha hili kwa kuchora duara kubwa la mapambo kuzunguka kisaa kidogo.

Kisha angalia mishale. Uso mpana unataka mishale mirefu, na mshale mrefu ni mzigo kwa injini ndogo ya betri. Mtengenezaji makini huikata kutoka kwenye bati jepesi. Asiyejali huweka mishale mizito, na baada ya muda mshale wa sekunde unaonekana ukitetemeka kila unapopiga, au wa dakika unateleza kidogo unapoufikisha ulipotaka. Kuna jambo jingine ambalo wachache hulifikiria: ukubwa hukuza makosa. Mshale wa sekunde wenye urefu wa milimita 20 hupita milimita 2 hivi kati ya alama na alama. Ukipiga katikati ya alama badala ya juu yake, utaona pengo la milimita nzima kila unapoutazama. Kwenye saa ndogo kosa lilelile lingejificha. Simama na saa yako dakika moja kamili, uufuate mshale wa sekunde kutoka 12 hadi 12. Ukiona umekosa alama upande mmoja na kuzipiga sawasawa upande mwingine, uso wenyewe haukukaa katikati.

Kama wakikuletea saa isiyo ya betri, ya kujijaza kwa mtikisiko wa mkono, iliyowekewa kioo nyuma uone magurudumu, usidhani umepanda daraja kwa usahihi. Miyota 8215 na NH35 ya Seiko, ambazo ni mashine za kuaminika kabisa kwa bei yake, zimepangiwa na watengenezaji kati ya kupoteza sekunde 20 na kuongeza sekunde 40 kwa siku. Kwa siku, si kwa mwezi. Uzuri wake ni kwamba zinajulikana: zikiharibika, fundi anatoa nzima anaweka nzima. Hofu yangu ni ile mashine isiyo na jina, iliyotobolewa mapambo kila mahali. Ikisimama, gharama ya kuihangaikia huweza kuipita saa yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: mashine ni ya nani na namba yake ni ipi? Muuzaji anayeijua hujibu kwa maneno mawili. Asiyeijua ataanza kukuonyesha sanduku.

Na maandishi yasikutishe. "Japan Movt" maana yake ni mashine ya Japani tu, kasha laweza kuwa limetoka popote. "Swiss Made" ina sheria nyuma yake: tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama ya kuitengeneza saa lazima itokee Uswisi, mashine iwe ya Kiswisi, iwekwe ndani ya kasha huko na kukaguliwa huko. Jina la mji wa Uswisi lililoandikwa peke yake kwa herufi za madaha halina uzito wa aina hiyo.

Tukirudi kwenye kasha, geuza saa usome mgongo kwa makini. Ikiandikwa "Stainless Steel Back", amini neno kwa neno: mgongo ndio wa chuma kisichoshika kutu, na kilichobaki sicho. Huo ni ukweli uliosemwa kwa ujanja. Unachotaka kuona ni "All Stainless Steel" au kutajwa kwa 316L, na kama haipo, chunguza sehemu ambazo hakuna aliyetarajia uzichunguze: katikati ya masikio yanayoshika mkanda, chini ya ukingo, ndani ya matundu ya pini. Kasha la kumiminwa huacha mistari ya kalibu na pembe butu, kana kwamba lilitengenezwa kwa sabuni iliyoanza kutumika. Kasha la chuma lililochongwa lina pembe zilizonyooka na mpaka safi kati ya sehemu inayong'aa na sehemu iliyopigwa msasa.

Ni kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu ya hiyo rangi ya dhahabu. Rangi inayowekwa kwa mvuke ndani ya tangi lisilo na hewa, juu ya chuma kizuri, hushika miaka. Ikichubuka chini yake utakuta chuma, basi. Juu ya zinki, rangi ikishapasuka jasho hupenya, zinki hutoka vidonda vya kijivu na kuvimba, na hakuna fundi atakayeisugua ikapona. Tena chini ya rangi za bei ya chini mara nyingi huwa na tabaka la nikeli, na ngozi za baadhi ya watu hazipatani na nikeli hata kidogo. Kama uliwahi kuwashwa na bangili au kitufe cha suruali, saa hiyo iache.

Maji sasa. "Mita 100" haina maana kwamba utazama mita 100. Ni shinikizo la maabara, kwenye saa mpya, maji yakiwa yametulia. Mita 30 ichukulie kuwa ni manyunyu na kunawa mikono, 100 ni kuogelea, na kupiga mbizi ni kwa saa zilizopimwa kwa kanuni ya ISO 6425, ambazo huandikwa wazi kuwa ni za wapiga mbizi. Lakini kwa saa kubwa pana jambo la ziada. Shinikizo la bar 10 juu ya kioo cha upana wa milimita 30 ni mzigo wa kilo 70 na ushee. Juu ya kioo cha milimita 44 unazidi kilo 150. Kioo kipana kinatakiwa kiwe kinene kwa kadiri ya upana wake, na mgongo mpana nao hivyohivyo, la sivyo vitabonyea na mpira wa kuzuia maji utaachia. Ndiyo maana nikiona saa ya milimita 52 yenye kioo chembamba na mgongo wa kubandika, usiofungwa kwa skrubu wala kwa hesi, halafu imeandikwa mita 100, natabasamu tu. Ongeza na vitufe: kila kitufe ubavuni ni tundu jingine la kuzibwa. Ufunguo wa pembeni, ule wa kurekebishia saa, ukiwa unakazwa kwa kuzungushwa ni dalili njema. Uzungushe mara kadhaa, ushike hesi kwa ulaini bila kukwaruza.

Kuhusu kioo chenyewe, vumbi ndilo adui, kwa sababu lina mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs mchanga uko kwenye 7, kioo cha kawaida cha saa kati ya 5 na 6, yakuti ya kutengenezwa 9. Saa pana hugonga kingo za milango, ndiyo bahati mbaya yake. Kwenye bei yako huenda usipate yakuti, na ukiambiwa ipo, iamini ikiwa imeandikwa kwenye mgongo na muuzaji yuko tayari kuithibitisha. Lile jaribio la tone la maji linalosimama duara lisikudanganye, kioo chochote kilichopakwa dawa ya kuteleza hufanya hivyo.

Visaa vitatu ulivyovitaja vijaribu palepale. Bonyeza kitufe cha juu. Kuna mshale unaoanza kukimbia? Ubonyeze tena usimame. Bonyeza cha chini, urudi mwanzo, na urudi barabara kwenye alama. Kama vitufe vinabonyea lakini hakuna kinachotokea, au havibonyei kabisa, hivyo ni mapambo. Visaa vingine huonyesha siku na saa 24 tu, na hilo halina kosa, mradi muuzaji hakukuambia ni kronografu, yaani saa ya kupimia muda wa tukio kama mbio. Kisaa kilichochorwa na kubandikwa mshale usiotembea sina adabu nacho. Mtengenezaji aliyedanganya pale unapoweza kuona, nashindwa kumwamini pale nisipoweza kuona.

Sasa mkono wako. Umenitajia 52, lakini hiyo si namba inayoamua. Inayoamua ni urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini, ambao wauzaji wengi hawautaji. Weka rula juu ya kifundo cha mkono, pale palipo bapa, upime upana. Urefu wa masikio ukizidi hapo, saa itaning'inia pande zote mbili, itazunguka kuelekea upande wa kidole kidogo kila ukishusha mkono, na mkanda hautalala kwenye ngozi. Saa ya 48 yenye masikio mafupi yaliyopinda chini hukaa vizuri kuliko ya 44 yenye masikio marefu yaliyonyooka. Ukiijaribu, usiitazame ukiwa umeinamisha kichwa, hapo kila saa huonekana kubwa. Simama mbele ya kioo cha ukutani. Kisha kunja kiganja kwa nyuma kama anayesukuma mlango: ufunguo ukichoma, utachoma kila siku.

Cheni yake ikunje, uisikilize. Viungo vya bati lililokunjwa hulia kama mfuko wa sarafu na huvuta nywele. Viungo vilivyo imara hulia kidogo, kwa sauti nzito. Kwa saa ya uzito huo nataka pini nene, milimita 2 au zaidi, maana ile nyembamba ya kawaida ndiyo hukatika na saa ikalala sakafuni. Na ulizia upana wa mkanda kati ya masikio. 22 au 24 utapata mikanda ya kubadilisha bila shida. Ukiwa ni umbo la pekee lililotengenezwa kwa saa hiyo tu, siku mkanda ukikatika saa nzima imekwisha, hata kama mashine inapiga.

Mwanga wa gizani jaribu kwa kuifunika kwa viganja. Sitaongeza hapo.

Nimeacha bei mwisho makusudi. Bei ya awali iliyokatwa mstari isahau kabisa. Bei isiyowahi kulipwa na mtu yeyote haipimi kitu, iliandikwa ili ikatwe. Fanya hivi badala yake: ukishajua mashine ni ipi, tafuta saa ya ukubwa wa kawaida yenye mashine ileile, kioo cha aina ileile na kasha la chuma. Weka bei zake pamoja. Tofauti inayobaki ndiyo bei ya milimita za ziada, ya rangi na ya jina. Wakati mwingine tofauti hiyo ni ndogo na saa kubwa imetengenezwa kwa uangalifu. Hapo nunua, vaa, furahi, wala usimwombe radhi mtu yeyote kwa kupenda saa kubwa. Wakati mwingine utakuta ile kubwa ni ghali zaidi na kasha lake ni la zinki.

Kwa maelezo uliyonipa tu, nina wasiwasi na saa yako kwa mambo mawili: rangi ya dhahabu ambayo hukunitajia iko juu ya metali gani, na mita 100 kwenye uso mpana kiasi hicho. Mgongo wake utakujibu la kwanza kwa sekunde tano. La pili, mwambie muuzaji akuruhusu kuipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia shinikizo kabla hujaitia majini, na kama hairudishwi ikivuja, ihesabu kuwa ni saa ya nchi kavu na uilipe hivyo.

Kuiuza baadaye, weka matarajio karibu na sifuri. Atakayeinunua kwako ataangalia bei inayouzwa mpya leo, ile iliyokwisha kukatwa, kisha atakata tena kwa sababu ya mikwaruzo ya rangi. Ukitunza sanduku, viungo vilivyotolewa kwenye cheni na karatasi ya udhamini utapata kidogo zaidi. Viungo hasa vitunze, maana saa iliyopunguzwa kutoshea mkono wako haitamtosha mwenye mkono mnene, na wanaozitaka saa za milimita 52 wengi wao wana mikono minene.